Lori Linalofikiri Kwanza

Tulia, Kitui
9 Juni 1936

Ndugu yangu Musyoka,

Zikufikie salamu zetu wote wa hapa Tulia. Mama ni mzima, mimi ni mzima, na mtoto Mutindi ameota meno mawili ambayo anayajaribu kwenye kidole cha kila mgeni. Mbaazi zimekubali mwaka huu. Mbuzi mweupe amezaa mapacha, na Mama anasema mmoja ni wako ukija, kwa hiyo njoo kabla hajabadili nia. Baridi imetushika kweli. Asubuhi tukizungumza, tunatoa moshi mdomoni kama wavuta tumbaku.

Sasa habari yenyewe, na usome ukiwa umekaa. Kivuva wangu amepewa lori! Lile la Hared, Msomali mwenye duka na biashara ya ng'ombe pale Kitui. Dereva wake wa zamani alirudi kwao, na Kivuva, aliyekuwa akipakia magunia tu, ndiye aliyejua kuliendesha. Akipita sokoni watoto wanamkimbilia nyuma wakila vumbi, na mimi najifanya simjui, lakini moyoni napiga vigelegele. Lori ni zee, limekwisha rangi, ila yeye analiita Nzamba, yaani jogoo, na kila asubuhi analipangusa uso kabla ya kunawa wake.

Shida ni moja. Jogoo huyu ni mvivu wa kujibu. Kivuva anasema, "Nikikanyaga mafuta inanyamaza. Inakohoa. Halafu ndio inaruka, kama mtu amechomwa mwiba." Barabarani si neno. Lakini ukitoka Kanyangi kwenda kwenu Emali lazima uvuke mto Athi, na mchanga wa mto hausubiri gari lifikiri kwanza. Juzi lilizama pale mpaka ekseli, likavutwa na ng'ombe huku watu wakicheka. Hared alisimama ukingoni akasema, "Kivuva, wewe ni kijana mzuri. Lakini hii gari ikilala kwa mchanga mara ingine, nauza kama chuma, na dereva sitahitaji."

Musyoka, unajua alivyongoja kitu kama hiki maishani. Asipokuwa dereva atarudi kubeba magunia ya watu wengine. Wewe katika barua ya Pasaka ulituambia umekuwa fundi wa magari. Haya, fundi, tupe dawa. Kivuva amejifanya hajui kwamba nakuandikia, lakini ndiye aliyenichongea penseli.

Dada yako,
Mbinya


Emali
2 Julai 1936

Dada Mbinya,

Salamu kwako, kwa Mama, kwa huyo mtafuna vidole, na kwa shemeji dereva! Barua yako ilitembezwa hadi Machakos ikarudi, ndiyo maana nimechelewa. Nilipoisoma nilipiga kelele mpaka mkuu wa stesheni akauliza nimefiwa na nani. Nikamwambia sijafiwa, shemeji yangu amepata lori. Huku ni vumbi na treni tu, na upepo unaotuletea vumbi la treni. Mimi ni mzima na kazi ni nyingi.

Sasa sikilizeni. Gari likikawia kujibu, fundi Mutunga, ninayefanya naye kazi hapa, anasema uanzie mguuni uende mbele. Kwanza, ile fimbo inayotoka kwenye pedali hadi kwenye kabureta, Kivuva aitikise. Ikicheza cheza, basi mguu wake unasema na injini haisikii. Pili, atoe plagi, azikwangue masizi. Tatu, fundi Mutunga anasema, kuna kijiti kwenye usukani cha kuwahisha moto, na madereva wengi hukisahau chini. Akipandishe gari likishawaka.

Yakishindikana hayo, nijibuni maswali haya bila kuruka hata moja. Linakohoa wakati gani, asubuhi au mchana? Linakohoa likiwa na mzigo tu, au hata likiwa tupu? Na petroli yenu mnaiweka wapi, kwenye chombo gani?

Mwambie Kivuva asikate tamaa. Gari kuukuu ni kama mzee, ukijua anapoumwa atakwenda nawe mbali. Mbuzi wangu msimuuze.

Musyoka


Tulia
25 Julai 1936

Ndugu yangu Musyoka,

Tunamshukuru Mungu tumeamka. Mama amekata mizinga yake miwili na asali ni nyeupe, ya maua ya migunga. Mtoto sasa anasimama akishika ukuta. Pacha wako ni mtundu, amekula kitambaa cha meza cha kanisa, na mimi ndiye niliyemwombea msamaha kwa mchungaji.

Fimbo ilikuwa inacheza! Kivuva aliifunga kwa waya na ngozi, akakanyaga, na Nzamba akajibu kabla hatujamaliza kushikana mikono. Tulipiga kelele. Nilimwaga uji. Alizunguka soko zima mchana huo, na hata wazee waliosema gari ni kitu cha kupita walisimama kutazama.

Asubuhi yake, kikohozi kilikuwa palepale. Kivuva aliketi kwenye usukani, na mimi nikarudi jikoni kulia. Amekwangua plagi, amepandisha kijiti, hakuna kitu. Haya, majibu. Linakohoa asubuhi, hasa siku za baridi. Jua likipanda linapona lenyewe, na saa nane mchana ungeapa ni gari jipya. Mzigo au bila mzigo ni mamoja. Na petroli iko mahali pazuri penye kivuli, usiwe na wasiwasi.

Tena nina swali langu. Mbona barua yako ina "fundi Mutunga anasema" nyingi kuliko "mimi nasema"? Ni udadisi tu.

Fanya haraka. Mwisho wa Septemba Hared anapeleka ngozi na nta kwenye treni hapo Emali, na safari hii atapanda mwenyewe aone kwa macho yake lori likivuka mto. Ameshazungumza na mnunuzi wa chuma.

Mbinya


Emali
14 Agosti 1936

Dada yangu,

Nawasalimu wote, hata mla vitambaa. Mimi ni mzima. Habari ya nani anasema na nani hasemi tuiache, wanaume hawaulizwi hivyo na wadogo zao.

Mbinya, tumelishika! Asubuhi mgonjwa, mchana mzima! Ugonjwa hauko kwenye moto, uko kwenye petroli. Kuna kitu ndani yake kinachoganda kwenye baridi na kuyeyuka kwenye joto. Kikiganda kinaziba kitundu kidogo cha shaba kilichomo ndani ya kabureta, ambacho ndicho petroli inapopitia. Mguu unaita, petroli inataka kuja, na mlangoni kuna mtu amesimama. Nilipomweleza fundi Mutunga alisema, "Hiyo sasa ni maneno ya fundi." Usiku sikulala vizuri kwa furaha.

Kivuva afungue kabureta mapema kabla jua halijatoka. Atazame ndani ya bakuli lake dogo, aguse kwa kidole, anuse. Kisha uniandikie anachokiona.

Nimeuliza petroli inakaa wapi, ukanijibu kama mtoto aliyeulizwa nani amemaliza nyama. "Mahali pazuri penye kivuli" ni wapi? Gari haliponi kwa adabu.

Musyoka


Tulia
30 Agosti 1936

Musyoka ndugu yangu,

Salamu. Sote wazima, mvua bado. Nitafupisha, maana nina haraka na nina aibu.

Kivuva alifungua. Ndani mlikuwa na utelezi wa njano, kama mafuta ya kondoo. Aligusa, akanusa, akanitazama. "Mbinya," akasema, "hii inanuka mzinga."

Ni nta. Na mimi nikajua hapohapo imetoka wapi. Petroli inakaa kwa Mama, kwenye ghala lake la pembeni. Ndiyo, kwa Mama. Usianze kupiga kelele, ghala liko mbali na jiko, na sikukuambia kwa sababu nilijua utaota moto kila usiku. Pale dukani madebe yalikuwa yakipungua yenyewe, na kwa Mama hakuna mwizi anayethubutu. Lakini unajua mwiko wetu wa ukwe, nthoni, hauna huruma. Tangu Kivuva anioe, yeye na mama mkwe wake hawajaonana uso kwa uso wala kusemezana. Akimwona njiani anaingia kichakani, naye Mama anajifunika shuka na kugeukia ng'ambo. Basi Kivuva huacha debe kwenye lango la miiba, anakohoa, anaondoka. Mama analichukua. Kivuva akitaka petroli anakohoa mara mbili, na debe analikuta langoni. Hivyo ndivyo wanavyoishi, kwa kukohoa.

Sasa, Mama aliona madebe yanavuja kwenye maungio. Unamjua. Kibuyu kikipasuka, nta. Mzinga ukiwa na ufa, nta. Akaona petroli ya mkwe wake inapotea ardhini, akayeyusha nta safi, akaimimina ndani ya kila debe tupu na kulizungusha mpaka likafunikwa lote, kama anavyofanya yale ya asali. Halivuji tena hata tone. Aliniambia kwa furaha, "Hata kama hataniona uso, ataona debe halivuji."

Petroli inakula ile nta kidogo kidogo na kumpelekea Nzamba. Kivuva hawezi kumwambia, mdomo wake umefungwa. Mimi ninaweza, lakini mimi ndiye niliyeona uso wake ulivyong'aa siku ile aliponiambia. Nifanye nini?

Mbinya


Emali
8 Septemba 1936

Mbinya!

Salamu zote, umezipata, mimi mzima. Nimempa barua hii dereva anayekuja Kitui leo, asiipitishe Machakos.

Petroli kwenye ghala la Mama! Nikija nitakuchapa kwa fimbo ya pedali. Lakini nilicheka mpaka nikaangusha spana. Mama angeona mwezi una ufa angeupaka nta.

Dawa ni hii. Mwageni petroli yote ya zamani. Tangi lipigwe jua mchana kutwa likiwa na petroli safi kidogo ndani, litikiswe, limwagwe likiwa na joto, mara mbili au tatu. Madebe yachemshwe. Panapovuja, paka sabuni ya mche, ile ngumu, ikande kwenye maungio kwa nje. Petroli haili sabuni. Hili nimelijua mwenyewe, si Mutunga.

Kabureta ifunguliwe, ianikwe juani mpaka harufu ya petroli iishe, ndipo ichemshwe kwenye maji, mbali na madebe. Kile kizibo kinachoelea ndani ya bakuli kitolewe kwanza, kisichemshwe. Na kile kitundu kisichokonolewe kwa waya! Waya utakipanua na gari litakunywa petroli kama ngamia.

Na sasa nakuuliza: ni nani Tulia nzima anayejua kuitoa nta kwenye kitu bila kukiharibu kitu? Usimwambie Mama kwamba amekosea. Mwambie Nzamba amekula nta, na mgonjwa wa nta hupelekwa kwa mwenye nta.

Upesi!
Musyoka


Tulia
22 Septemba 1936

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu za furaha! Wazima wote, na mtoto ametembea hatua zake za kwanza, nitakusimulia siku nyingine, leo hana nafasi.

Nilimweleza Mama kama ulivyosema. Akauliza, "Nta yangu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi nimemlisha mkwe wangu sumu kwa mkono wangu," akakaa chini, na mimi nikaanza kulia. Kuona nalia akainuka kwa hasira. "Unalilia nini? Lete hicho chuma."

Kivuva aliiacha kabureta langoni juu ya jani la mgomba, akakohoa, akaketi nje ya ua akiupa mgongo, kama mume ambaye mkewe anajifungua. Mama alitoa chungu chake cha nta. Kila maji yalipochemka nta ikaelea juu, akaiengua kwa kijiko cha kibuyu, akabadili maji, akaanza tena. Alikuwa akikisemesha kile chuma kama kuku anayetaga. Kile kitundu alikipitisha unywele mmoja wa mkia wa ng'ombe, taratibu, akapuliza, akachungulia jua kupitia ndani. "Naona nje," akasema. Aliirudisha langoni iking'aa kuliko vikombe vya kanisa, na akakohoa, safari hii yeye.

Asubuhi ya baridi kuliko zote, ukungu mpaka magotini, Kivuva aliizungusha hendeli. Nzamba akawaka. Akakanyaga mafuta. Musyoka, lilijibu! Papo hapo! Akiachia linanyamaza, akikanyaga linanguruma, mguu na injini vikasema neno moja kwa wakati mmoja. Kivuva akaruka chini akanibeba mbele ya watu. Nilipokwenda kumwambia Mama, nilimkuta nyuma ya ghala akicheza peke yake, shuka begani.

Lakini hilo ni uani, si mtoni. Mto bado. Wanatoka wiki ijayo, Hared mbele, mzigo nyuma. Na Mama anakuja nao! Anasema chuma alichokiosha tumbo lazima akione kikitembea, tena amechoka kusikia habari zako kwa karatasi. Atakaa juu ya magunia, amejifunika, mgongo kwa dereva. Mimi nabaki na mtoto, na sijui nitapumua vipi mpaka nipate barua yako.

Mbinya


Emali
2 Oktoba 1936

Dada yangu Mbinya,

Pumua! Wamefika!

Mama ni mzima, mweupe kwa vumbi toka kichwani hadi miguuni. Alinikuta nikijaza upepo gurudumu, akauliza, "Fundi ni wewe?" Mutunga akajibu kwa ajili yangu, "Anakuwa, mama." Nimekubali.

Nakueleza mambo ya mtoni kama alivyonisimulia Hared mwenyewe, kwa mikono yote miwili. Walishuka vizuri. Katikati ya mchanga lori likaanza kulemewa. Kivuva akakanyaga, na Nzamba akaruka mbele mara moja kwa nguvu zote, naye Kivuva akashtuka, akatoa mguu! Miezi yote hii amezoea gari la kukanyagwa na kungojwa. Lilipojibu papo hapo aliogopa. Magurudumu yakaanza kuzama. Akabaki ameshika usukani, mguu juu ya pedali, haendi wala harudi. Hared alikuwa ameshafungua mlango ashuke.

Hapo ndipo sauti ilipotoka juu ya magunia, sauti ya Mama ile ya kuita mbuzi ng'ambo ya bonde: "Kanyaga mafuta, mwanangu! Usitoe mguu!"

"Mimi nilishika kofia," Hared anasema. "Kivuva alikanyaga, mchanga ikaruka juu kama mvua, nikaona mbingu, nikaona miti, tuko ng'ambo! Hii gari siuzi. Huyu kijana hata akitaka kuacha kazi, nakataa."

Nilimuuliza Kivuva faraghani alisikia nini pale mtoni. Akatazama mbali. "Sikusikia mtu," akasema. "Nilisikia injini." Nikamuuliza Mama alisema nini. "Mimi? Nilikuwa nimejifunika shuka. Nilisema nini?" Na Hared anawaambia watu wote wa stesheni neno kwa neno. Wawili hawa watakataa mpaka lini, sijui. Mama amewaambia watu atarudi na lori hilohilo Jumatatu.

Nimefurahi, dada. Nimefurahi mpaka nakosa maneno.

Musyoka


Tulia
20 Oktoba 1936

Musyoka ndugu yangu,

Amani kwako. Mawingu yamejaa upande wa mashariki na tumeshapanda. Wote wazima. Mutunga mwambie asante, na wewe mwambie Mutunga akuongezee kazi ya kabureta.

Waliporudi, hakuna aliyesema kitu kwa siku kadhaa. Mama langoni, Kivuva barabarani, kikohozi kwa kikohozi kama zamani. Lakini habari za Hared zilikuwa zimefika kabla ya lori, na wazee wakaanza kuuliza kama neno lililosemwa linaweza kurudi mdomoni. Jumamosi Kivuva alinunua blanketi, lile zito lenye mistari, akamwita mzee Kiema na wengine, akasema anataka nthoni iishe. Mbuzi alichinjwa. Watu wa kanisa walikunywa chai, wale wengine walikunywa walichokunywa, na uwanja ulijaa.

Kivuva alimfunika Mama blanketi kwa mikono yake mwenyewe, huku ametazama chini. Mzee Kiema akamgeukia Mama akasema, "Haya, imekwisha. Kaluki, sasa una ruhusa. Mwambie mtoto wako neno."

Wote tukangoja baraka. Mama aliinua uso, akamtazama Kivuva kwa mara ya kwanza, akamtazama sana, mpaka macho yake yakajaa machozi.

"Wewe," akasema, "ulikuwa unangoja nini pale kwa mchanga?"

Watu wakaangua kicheko. Kivuva hakucheka. Alimtazama usoni akajibu, "Nimezoea kungoja, mama."

Mama akamshika mkono, na hakumwachia mpaka chakula kilipoletwa.

Dada yako,
Mbinya